Sonona Baada ya Kuzaa: Mama Asiyehesabiwa Hasaidiwi

Mama akijifungua hospitalini hapa Pwani, mtoto huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Hupimwa uzani, hupewa chanjo ya BCG na matone ya polio, na hufunguliwa ukurasa katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Wiki ya 6 hurudi, wiki ya 10 hurudi, wiki ya 14 hurudi, na miezi 9 hurudi tena kwa chanjo ya surua na rubela. Kila mara kuna mtu wa kuandika. Na kila mara anayembeba ni yule yule, mamake. Mama huyo ameketi kwenye benchi la kliniki mara nne au zaidi katika mwaka wa kwanza, na pengine hakuna hata mara moja aliyoulizwa, "Na wewe mama, moyo wako u hali gani?" na jibu lake likaandikwa mahali.

Nimefanya kazi ya rekodi za afya katika vituo vya hapa Pwani: kujumlisha vijistari vya rejesta kila mwisho wa mwezi na kupeleka hesabu juu. Naandika makala haya kueleza jambo moja. Sonona inayowapata akina mama baada ya kuzaa ni ugonjwa unaojulikana, una vipimo na una tiba, lakini kwetu hauna hesabu ya kuaminika. Ugonjwa usio na hesabu hautengewi bajeti, haupewi muuguzi wala dawa.

Hali tatu zisizofanana

Ili tuhesabu sawasawa, lazima kwanza tujue tunahesabu nini. Watu huchanganya mambo matatu.

La kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaozaa huipata. Huanza kama siku ya tatu hivi: mama analia bila sababu anayoijua, anakasirika upesi, kisha anacheka. Hali hii huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Haitaki dawa. Yataka usingizi, chakula na mtu wa kumshika mtoto.

La pili ni sonona yenyewe, ambayo wengine huiita unyogovu. Hii hukaa wiki mbili au zaidi. Mama hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hujiona hafai, hujilaumu kwa kila kitu, hushindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, huingiwa na hofu isiyo na mwanzo. Wengine humtazama mtoto wasihisi chochote, na hilo huwatisha zaidi. Wengine hufikiri kujidhuru. Sonona yaweza kuanza tangu mama ana mimba, au wakati wowote katika mwaka wa kwanza.

La tatu ni kile ambacho wazee wetu wamekiita kichaa cha uzazi. Ni nadra, mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, na mara nyingi huanza ghafla katika wiki mbili za kwanza. Mama haoni usingizi kabisa, anasikia sauti, anasema maneno yasiyoungana, anaamini mambo yasiyokuwapo. Hii ni dharura kama kuvuja damu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtu wa takwimu, hali hizi tatu ni mistari mitatu tofauti. Ukiziweka pamoja, huzuni ya siku za mwanzo itaifanya hesabu iwe kubwa mno, na kichaa cha uzazi kitapotea ndani yake. Hata mpaka wa muda una utata. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, WHO, huuweka kwenye wiki 6 hivi tangu kuzaa, ule wa madaktari wa akili wa Marekani wiki 4, na watafiti wengi huhesabu mwaka mzima. Mama aliyeanza kuugua mtoto akiwa na miezi minne amo katika hesabu moja na hayumo katika nyingine.

Mzazi wa Pwani husemaje?

Hasemi "nina sonona". Husema moyo hauna raha. Husema mwili mzito, kichwa kinaniwanga, mawazo mengi, nimechoka na roho yangu. Wa nyumbani nao wana maneno yao: amepigwa jicho, amepandwa na jini, hakukandwa vizuri, au lile linaloumiza kuliko yote, hana shukrani kwa mtoto aliyepewa na Mungu.

Maneno haya ndiyo huamua mama ataandikwa wapi. Anayesema kichwa kinamwanga ataandikwa kuumwa na kichwa, apewe panado arudi nyumbani. Anayeambiwa ana jini atapelekwa kusomewa, au kwa mganga, au kwa mchungaji kuombewa. Simdharau anayetafuta dua. Dua hutuliza, na mara nyingi sheikh au mchungaji ndiye mtu wa kwanza aliyekaa na mama huyo akamsikiliza. Lakini sheikh hana rejesta, na mama huyo hataonekana katika hesabu ya mwezi.

Hata sisi wa ofisini hatuna neno moja. Mmoja huandika msongo wa mawazo, mwingine mfadhaiko, mwingine unyogovu, mwingine sonona, na mwingine huacha wazi. Msongo wa mawazo, kwa matumizi yetu ya Kenya, waweza kuwa ni karo ya shule au ni ugonjwa. Hesabu nzuri huanza kwa kukubaliana neno. Na neno la daktari likikubaliwa, bado mama aulizwe kwa lugha yake. Kule Kilifi, kampeni ya kuwaelimisha watu kuhusu ugonjwa wa akili ilipewa jina la Kigiriama, Difu Simo, na watu wakaielewa mapema kuliko bango lolote la Kiingereza.

Arobaini inalinda, na pia inaficha

Mila yetu ya arobaini ni hazina. Mzazi hukaa ndani, hukandwa kwa maji moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hufuliwa nguo, na mtoto huogeshwa na mikono iliyozoea. Wataalamu wa nchi za mbali sasa wanasisitiza kwamba mama aliyetoka kuzaa anahitaji watu wa kumsaidia, jambo ambalo mabibi zetu walilijua bila kuandika kitabu.

Lakini tuseme na upande wa pili. Wako wazazi wengi leo, katika vyumba vya kupanga vya Kisauni, Likoni, Mtwapa au Ukunda, ambao arobaini yao ni ya siku saba. Mama yuko mbali, mavyaa hawasikizani, mume yuko kazini tangu alfajiri. Na hata pale arobaini inapotimizwa, wageni huja kumtazama mtoto. Mzazi yuko nyuma ya pazia, na akilia huambiwa asilie, maziwa yatakauka.

Sasa tazama kalenda. Arobaini huisha siku ya 40. Wiki ya 6, siku ya kliniki ya kwanza ya chanjo, ni siku ya 42. Yaani mama anafika kwenye benchi la kliniki siku zile zile ambazo mikono ya kumsaidia nyumbani inaondoka. Ukitafuta siku moja ya kumuuliza hali ya moyo wake, huwezi kupata iliyo bora kuliko hiyo, na tayari yuko mbele yako.

Takwimu zilizopo, na zinapopotelea

Kwa makadirio ya WHO, duniani kote wanawake kama asilimia 13 waliotoka kuzaa hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea makadirio ni makubwa zaidi: asilimia 15.6 wakati wa mimba na asilimia 19.8 baada ya kuzaa. Hiyo ni karibu mama mmoja katika kila watano.

Hebu tuyalete nyumbani. Chukua kituo kinachozalisha akina mama 50 kwa mwezi, 600 kwa mwaka. Mmoja katika watano ni akina mama 120. Rejesta ya kituo hicho ikionyesha watatu, haina maana kwamba 117 wamepona. Ina maana hawakuulizwa.

Nafasi ya kuwauliza ipo, na imeongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82. Akina mama wamekuja, nasi tumewapima presha tukawaacha waende.

Njia ya hesabu ni hii. Muuguzi huandika kwenye rejesta: MOH 405 kwa kliniki ya wajawazito, MOH 333 kwa wodi ya uzazi, MOH 406 kwa huduma za baada ya kuzaa. Mwisho wa mwezi hujumlishwa katika fomu ya muhtasari, MOH 711, kisha huingizwa katika mfumo wa taifa wa takwimu za afya, KHIS, ambao nchi nzima imekuwa ikiutumia kwa njia ya intaneti tangu 2011. Kaunti na wizara husoma humo.

Udhaifu wa njia hii si kompyuta. Ni kwamba kisicho na safu kwenye rejesta hakifiki kwenye muhtasari, na kisichofika kwenye muhtasari hakijulikani Mombasa wala Nairobi. Rejesta ya baada ya kuzaa kwa miaka mingi imekuwa hasa ya mwili: joto, presha, damu, matiti, kidonda cha upasuaji, uzazi wa mpango. Muuguzi mwenye huruma akimwona mama hayuko sawa huandika pembeni, katika nafasi ya maoni. Maoni hayajumlishwi. Na mama akipelekwa upande wa wagonjwa wa nje, huingia katika kundi la magonjwa ya akili pamoja na kila mtu, mwanamume na mwanamke, aliyezaa na asiyezaa.

Kuna jambo dogo linaloharibu hesabu kuliko yote: kutotofautisha sifuri na tupu. Sifuri ni kusema tuliwauliza wazazi 40, hakuna aliyekuwa na dalili. Tupu ni kusema hatukuuliza. Fomu nyingi zikipanda juu, tupu husomwa kama sifuri, na sifuri husomwa kama afya njema.

Vipimo vya kuulizia

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa 1987 na John Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla kubwa kabisa ni 30. Wengi hawajui kwamba Cox, kabla ya kazi hiyo ya Scotland, alikuwa Uganda katika miaka ya 1970 akichunguza hali ya akili ya wajawazito na wazazi wa huko, akaandika pia kuhusu amakiro, maradhi ya baada ya uzazi ambayo Waganda wenyewe walikuwa na jina lake. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Kipimo kingine ni PHQ-9, chenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kimezoeleka hospitalini kwa sonona ya kila mtu, na kile cha Kiswahili kimejaribiwa Kilifi kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Shida yake kwa mzazi ni kwamba kinauliza uchovu, usingizi na hamu ya chakula. Ni mzazi gani wa wiki sita asiyechoka? Kipimo cha Edinburgh kiliyaepuka mengi ya mwili kwa sababu hiyo. Swali lake la usingizi huuliza kama mama anakosa usingizi kwa kukosa raha. Kuamshwa na mtoto ni jambo jingine, na muuguzi asipolieleza hilo, kila mama atapata alama.

Upo pia mtihani mfupi wa maswali mawili: katika mwezi uliopita, umekuwa ukiona huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Akijibu ndiyo kwa lolote, ndipo aulizwe yale kumi. Kwa foleni tunazozijua, hii ndiyo njia inayowezekana. Maswali mawili hayamalizi dakika.

Tafsiri ina miiba yake. Swali moja la Edinburgh kwa Kiingereza husema, neno kwa neno, kwamba mambo yanapanda juu ya mtu. Ukilitafsiri hivyo mama wa Faza atakutazama tu. Kwetu mambo humzidi mtu, au humwelemea. Bungoma wapo watafiti waliofanya kazi hii vizuri, wakaichapisha 2018: walitafuta kwanza maneno ya akina mama wenyewe, wakayaunganisha na maswali ya Edinburgh na PHQ-9, kisha wakapima ni yapi yanamtambua mgonjwa. Pwani inahitaji kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili chetu na kwa Kigiriama, Kiduruma, Kidigo, Kipokomo, Kitaita na Kiorma. Si kazi ya kuanza kutoka patupu. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome tangu 1989, na tangu 2000 kuna mfumo unaofuatilia vizazi, vifo na uhamiaji nyumba kwa nyumba. Uzoefu wa kuhesabu tunao.

Alama 11 au 13?

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo na hesabu, maana ndipo viongozi wengi hupotoshwa. Kipimo cha kuulizia si hukumu ya daktari. Hukuambia nani achunguzwe zaidi. Na idadi ya waliopita mpaka hutegemea mpaka uliowekwa.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2020, uliokusanya wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi nyingi, ulionyesha hivi. Ukiweka mpaka kwenye alama 11, Kipimo cha Edinburgh huwakamata kama asilimia 81 ya wenye sonona na huwaondoa sawasawa asilimia 88 ya wasio nayo. Ukiupandisha hadi 13, huwakamata asilimia 66 tu, lakini huwaondoa sawasawa asilimia 95.

Tuseme tuna wazazi 100, na 20 kati yao ni wagonjwa kweli. Kwa mpaka wa 11, kipimo kitawanyooshea kidole wazazi kama 26: 16 ni wagonjwa kweli na 10 si wagonjwa. Kwa mpaka wa 13, kitawanyooshea kama 17: 13 ni wagonjwa kweli na 4 si wagonjwa, lakini wagonjwa 7 wamekwenda nyumbani bila kuonekana.

Wazazi ni wale wale 100. Kwale wakitumia 11 na Lamu wakitumia 13, gazeti litaandika kwamba Kwale ina sonona nyingi kuliko Lamu, na habari hiyo itakuwa ya uongo ingawa kila mtu alihesabu kwa uaminifu. Ndiyo maana hesabu yoyote ya sonona lazima itaje kipimo kilichotumika, lugha, mpaka wa alama, na wiki ngapi tangu kuzaa. Hesabu isiyo na haya manne usiilinganishe na nyingine.

Vifo vinavyoandikwa jina jingine

Kifo cha uzazi, kwa kanuni ya kimataifa, ni kile kinachotokea mama akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 tangu mimba kumalizika. Tangu 2012 mwongozo wa WHO unasema kwamba mama akijiua katika kipindi hicho, kifo chake ni kifo cha uzazi, sawa na aliyevuja damu. Lakini sonona huua pia baada ya siku 42. Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa, kujiua kumekuwa sababu kubwa kuliko zote za vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi kati ya wiki 6 na mwaka mmoja.

Hapa kwetu mama wa miezi minne aliyekunywa sumu, au aliyekutwa kisimani, ataandikwa sumu au ajali. Hakuna atakayeuliza mtoto wake ana umri gani. Familia huona aibu na maziko ni ya upesi, na sisemi yacheleweshwe. Nasema anayeandika cheti au ripoti ya kifo cha mwanamke wa umri wa kuzaa aulize swali moja: alizaa katika mwaka mmoja uliopita? Ni alama moja ya vema kwenye karatasi.

Sheria nayo iliwafunga watu midomo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mama aliyenusurika aliogopa polisi kuliko ugonjwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wauguzi na wazee wa mitaa waliambie jambo hili kila anayeogopa kusema.

Siri ya mama

Huwezi kupata hesabu ya kweli kwa swali lililoulizwa mbele ya watu. Mama akiulizwa mavyaa yuko kando yake, atasema yuko sawa. Akiulizwa kwenye benchi mbele ya wenzake ishirini, atasema yuko sawa. Kijitabu cha kliniki nacho nyumbani husomwa na kila mtu, kwa hivyo alama ya sonona isiandikwe humo waziwazi. Iwekwe kwa msimbo ambao wauguzi wanaufahamu, na maelezo yabaki kwenye faili ya kituo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Rejesta iliyoachwa wazi juu ya meza ya mapokezi inavunja heshima hiyo, na inavunja takwimu pia, maana mama akisikia jina la jirani yake limetajwa, yeye hatasema kitu.

Kifanyike nini

Mwongozo wa WHO wa 2022 kuhusu huduma za baada ya kuzaa unapendekeza wazazi waulizwe dalili za sonona na wasiwasi kwa kipimo kilichothibitishwa, kwa sharti kwamba kuwe na huduma ya kuwapokea watakaopatikana nazo. Sharti hilo tulishike. Kumuuliza mama, akafunguka, kisha ukamwambia aende nyumbani ni kumuumiza mara mbili.

Kwa maoni yangu, kituo chochote cha Pwani chaweza kuanza na safu sita, hata kwa rula na kalamu, kabla rejesta mpya haijachapishwa:

1. Ameulizwa au hakuulizwa.
2. Kipimo na lugha iliyotumika.
3. Alama alizopata, na jibu la swali la kujidhuru peke yake.
4. Wiki ngapi tangu kuzaa.
5. Amepelekwa kwa nani.
6. Je, alifika, na hali yake aliporudi ikoje.

Safu ya tatu ina kanuni yake. Mama akisema amefikiri kujidhuru, hata kama jumla ya alama ni ndogo, asiachwe peke yake siku hiyo, na aonwe na mhudumu kabla ya kuondoka. Safu ya sita ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayotofautisha hesabu ya kusaidia na hesabu ya kujaza fomu.

Wauguzi watasema kazi ni nyingi, nao wana haki. Ndiyo maana napendekeza maswali mawili kwa kila mama wakati wa chanjo, wiki ya 6, ya 14 na miezi 9, na yale kumi kwa wachache tu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 wakiwa zaidi ya 100,000 nchi nzima, wengi na simu za kuingizia takwimu, wanaweza kuuliza nyumbani ndani ya arobaini. Lakini mhudumu wa jamii ni jirani. Afundishwe kutunza siri, na mama apewe hiari ya kuulizwa na mtu mwingine.

Na tiba haimtaki daktari bingwa kwa kila mama, jambo ambalo ni la heri, maana madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Huko vijijini Pakistan, wanawake wahudumu wa jamii walifundishwa kuzungumza na wazazi wenye sonona, kuwatembelea, kuwasaidia kubadili mawazo yanayowakandamiza na kuishirikisha familia. Matokeo yalichapishwa 2008. Baada ya miezi 6, asilimia 23 ya waliosaidiwa walikuwa bado na sonona, ukilinganisha na asilimia 53 ya waliotembelewa kwa njia ya kawaida. WHO ilitoa mwongozo wa mpango huo 2015. Walio na hali nzito zaidi ndio wapelekwe kwa daktari, na wapo hata wanaonyonyesha ambao daktari aweza kuwapa dawa kwa usalama.

Kwa wa nyumbani

Ukimwona mzazi halali hata mtoto akilala, hali, hamtazami mtoto au anamwogopa, analia baada ya wiki mbili kupita, au anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, usimwambie ashukuru. Keti naye faraghani umuulize. Mpe mtu wa kumshikia mtoto usiku mmoja alale. Kisha mpeleke kliniki, umwambie muuguzi wazi kwamba ni yeye anayeumwa, si mtoto. Kusomewa na kuombewa kuendelee kama mnapenda, lakini kusizuie safari ya hospitali. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti, ni safari ya sasa hivi. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya, 1199, hupokea pia wanaohitaji ushauri.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hawa wazazi wetu, wengi hawakuficha. Hakuna aliyewauliza. Mwakilishi wa wadi akija kuomba maoni ya bajeti ya afya, mwulizeni tarakimu tatu za kituo chenu: kati ya wazazi waliokuja kliniki mwezi uliopita, wangapi waliulizwa hali ya moyo wao? Kati ya waliokuwa na dalili, wangapi walifika kwa huduma? Kati ya waliohudumiwa, wangapi wamepata nafuu? Akijibu sifuri, mwulizeni kama ni sifuri au ni tupu.